Kwa Nini Wimbi la Redio Hurudi Nyuma?

Mtambo wa kurushia mawimbi hupeleka nguvu zake kwenye antena kwa kebo. Kila kebo ina impedansi yake, yaani uwiano wa volteji na mkondo wa wimbi lipitalo ndani yake. Kwa kawaida ni omu 50. Antena ikiwa na impedansi tofauti, uwiano huo hauwezi kudumu kebo iishiapo. Kwa hiyo sehemu ya wimbi huakisiwa, ikarudi ilikotoka. Kiasi chake huonyeshwa na kizigeu cha uakisi, K:

K = (A − B) ÷ (A + B)

A ni impedansi ya antena, na B ya kebo. Tuchukue antena ya omu 150:

K = (150 − 50) ÷ (150 + 50) = 0.5

Hiki ni kizigeu cha volteji. Nguvu hufuata mraba wake, 0.25, basi katika wati 100 zifikazo kwenye antena, 25 hurudi. Antena isipounganishwa kabisa, K huwa 1: nguvu zote hurudi, na transista za mtambo zaweza kuungua. Ndiyo maana fundi mwangalifu hukagua antena kwanza, kisha huwasha mtambo.

Zoezi: Antena ikiwa ya omu 75, wati ngapi kati ya 100 zitarudi? (Jibu: 4.)