KAMBARE MLA MWANI: ALISHWE NINI, NA KIASI GANI?

Makala yangu ya mwaka huu ni ya samaki. Si samaki wa kukaanga, la hasha! Namzungumzia yule mweusi mwenye madoadoa anayeganda kwenye kioo cha tangi katika maabara ya Biolojia, yule ambaye Kidato cha Kwanza wamembandika jina la Mzee Ndevu. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wanne wenye zamu ya kumtunza, na kila wiki lazima nipate mtu wa kuniuliza: "Kwani huyo naye hulishwa? Si yeye hula uchafu?"

Hulishwa, tena kila usiku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa, huyu tumempa jembe la kusafisha vioo, lakini ni mkulima gani aliyewahi kuambiwa ale udongo anaoulima?

Kwanza tumjue. Mzee Ndevu ni kambare, ila msimfananishe na mumi wa Ziwa Victoria. Mumi huwinda samaki wenzake na kula karibu kila kinachopita mbele yake. Huyu wetu ametoka katika ukoo wa mito ya Amerika Kusini, ukoo mkubwa wenye aina zaidi ya 900, na wataalamu humwita Ancistrus. Mwili wake umevikwa magamba magumu kama deraya ya askari wa zamani. Mdomo uko chini ya kichwa, nao umeumbwa kama kikombe cha kunyonyea, ili aweze kushika jiwe mto unapopita kwa kasi. Zile ndevu za puani ni alama ya dume. Jike huwa hana, au huwa nazo fupi tu. Akikomaa hufikia sentimita 12 hivi. Wetu ana 10.

Na mwani je? Wenzetu wa Pwani wakisikia neno hili huwaza ule mmea wa baharini ambao akina mama wa Kwale huulima na kuuanika. Hapa nina maana ya ndugu yake mdogo wa maji baridi, ule utando wa kijani au wa kahawia unaoota juu ya kioo na mawe palipo na mwanga.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kabla ya Mzee Ndevu palikuwa na kambare mwingine, wa aina hii hii. Wakati huo mimi nilikuwa Kidato cha Kwanza, na sikuwa na zamu yoyote. Waliomtunza waliambiwa na muuza samaki kwamba "huyo hajisumbui, anajilisha." Basi wakawa wanawatupia wale samaki wadogo chakula cha kuelea, na kambare wakamwachia kioo. Kioo kikang'aa kweli! Wageni waliotembelea maabara walikisifu. Baada ya kama miezi miwili, samaki akaokotwa asubuhi chini ya tangi. Mwalimu wetu wa Biolojia alimlaza juu ya karatasi, akamgeuza, akatuonyesha tumbo. Lilikuwa limebonyea ndani kama kijiko. Macho nayo yalikuwa yamezama. Hakuwa na kidonda wala ugonjwa tuliouona. Mwalimu akasema neno moja tu: "Njaa."

Kumbe kile kioo kilichong'aa ndicho kilichokuwa shahidi. Mtoni samaki huyu hukwangua mawe na magogo saa nyingi, na katika ule utando hapati mwani peke yake. Mna vijidudu, mabaki ya majani na wadudu wadogo wadogo. Tangi letu lina vioo vinne na mawe machache. Samaki mmoja mwenye bidii humaliza mwani wote kwa siku chache, na mwani hauoti upesi kiasi cha kumshibisha. Kwa hiyo ukiona kioo ni safi kabisa usifurahi mno. Jiulize, mwenye kukisafisha amekula nini jana?

Tuje jikoni. Chakula chake cha msingi ni mboga. Sukuma wiki ni nzuri sana, lakini si ile ya bakuli lako iliyokwisha kukaangwa kwa mafuta, vitunguu na chumvi! Ile itamdhuru na kuchafua maji. Sisi huomba jani moja bichi kabla halijakatwa. Mama wa jikoni alikuwa akitutilia shaka mwanzoni: "Kijana, hii sukuma ni ya samaki ama ni yako?" "Ni ya samaki, Mama." Sasa ameshazoea, hutuwekea kando. Jani huoshwa vizuri ili kuondoa dawa ya shambani, hutiwa katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili hadi lilegee, kisha hupozwa. Usipolichemsha litaelea, naye mdomo wake uko chini. Atalitazama tu kama sisi tunavyotazama chapati za meza ya walimu. Lifunge kwenye jiwe lililooshwa ili lizame.

Malenge, viazi vitamu na karoti pia hufaa vikichemshwa hadi vilainike. Minji hutolewa ganda. Tango hulipenda mno na halina haja ya kuchemshwa, ila ni maji matupu karibu lote. Kwangu mimi hilo ni kama mandazi ya saa nne, si mlo wa kutegemea.

Pamoja na mboga, kuna vidonge vya kuzama vinavyouzwa kwa ajili ya walaji mwani. Vingi vimetiwa spirulina, ambayo ni jamaa ya ile inayowalisha heroe wadogo wa Ziwa Bogoria na Ziwa Nakuru. (Nani angedhani samaki wa Amerika Kusini na ndege wetu wa Bonde la Ufa wanaweza kuketi meza moja!) Mara moja kwa wiki tunampa omena kidogo, iliyorowekwa na kuoshwa, kipande kisichozidi punje ya mchele. Kipande cha gogo kavu lisilo na utomvu nacho kiwemo majini daima, maana hulikwangua na nyuzinyuzi zake husaidia tumbo. Ugali, mkate na githeri, hapana. Nyama ya ng'ombe, hapana kabisa.

Swali gumu ni kiasi. Kwa samaki wa sentimita 10 sisi hutoa kidonge kimoja kwa usiku, au badala yake kipande cha mboga kisichozidi urefu wake mwenyewe. Usiku mmoja katika wiki hapewi kitu. Lakini kanuni hii ni ya kuanzia tu. Mwamuzi wa kweli ni tumbo. Subiri agande kwenye kioo, umtazame kutoka upande wa nje. Likiwa bapa au limetuna kidogo, mambo ni sawa. Likibonyea, ongeza. Likivimba kama puto, punguza na umwite mwalimu amtazame.

Saa ya kumlisha ni usiku, taa zikishazimwa. Huyu ni mtu wa giza. Ukimlisha mchana, wale wadogo watamaliza kila kitu yeye akiwa amejificha chini ya gogo. Sisi humlisha baada ya prepu, tukiwa njiani kwenda bwenini. Asubuhi kabla ya gwaride mwenye zamu huja kutoa mabaki, na hapo hakuna kusema "nitayatoa saa kumi." Mboga iliyooza hutoa amonia, na amonia ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu nitrati, ambayo ni nafuu lakini hujikusanya. Dawa yake ni kubadilisha robo ya maji kila wiki. Tangi letu ni sentimita 90 kwa 40, na maji hufika kimo cha sentimita 35. Hizo ni lita 126. Robo yake ni lita 31 na nusu, yaani ndoo ya lita 20 moja na zaidi kidogo ya nusu ya pili. Maji ya mfereji tunayaacha wazi katika ndoo usiku kucha ili klorini itoke.

Wanaotaka kununua wao nyumbani, tahadhari. Madukani kuna ndugu yake mkubwa anayeuzwa akiwa na sentimita 5, anapendeza kweli, kisha anakua hadi 40 au zaidi. Huyo atakushinda kwa chakula na kwa tangi. Na akikushinda usimtupe mtoni! Huko Florida na Mexico wamezagaa, wanachimba mashimo kwenye kingo na kuwasumbua wavuvi.

Limebaki jambo la likizo. Samaki mzima aliyeshiba huvumilia siku kadhaa, hata wiki, lakini ile likizo ya Novemba na Desemba hawezi. Mtunza maabara amekubali kumlisha. Hofu yetu si kwamba atasahau; ni kwamba ana huruma, na mwenye huruma hutupia vidonge vitano. Kwa hiyo tunamfungia karatasi saba kwa kila wiki, kila moja ikiandikwa siku yake. Sita zina kidonge kimoja kimoja. Ya Jumapili tumeifunga vizuri kama zile nyingine, na ndani hamna kitu.