Mazoezi ya Timu ya Netiboli



Katika vijiji vingi akina mama na wasichana hucheza netiboli, yaani mpira wa pete. Lakini timu nyingine hukutana siku ya mashindano tu. Siku hiyo wanakimbia, wanaruka, wanagongana. Wanafungwa, na tena mmoja anarudi nyumbani akichechemea. Je, kesho yake nani atalima? Nani atachota maji?

Timu haijengwi siku ya mashindano. Hujengwa siku za mazoezi, kwa kujifunza jambo moja moja. Leo tutajifunza mambo matatu: kutua, kurusha na kufunga.

UWANJA NA WACHEZAJI

Uwanja una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Umegawanywa mafungu matatu yaliyo sawa. Pete iko juu, mita 3.05 kutoka chini. Nguzo ya mti yafaa, na fundi wa chuma anaweza kupinda pete yenye upana wa sentimita 38. Kabla ya kuanza, okoteni mawe na fukieni mashimo.

Timu ina wachezaji 7. Kila mmoja huvaa herufi zake. C ni mchezaji wa kati. GK ni mlinzi wa goli. GS na GA ndio wafungaji, wengine hawaruhusiwi kufunga. Refa akisoma herufi, anajua kila mchezaji mwisho wake ni wapi. Basi na mchezaji naye azisome.

1. KUTUA

Katika mchezo huu hukimbii na mpira. Ukidaka, lazima usimame. Mguu uliotangulia kutua ndio nguzo yako. Unaweza kugeuka juu yake. Ukiuinua, toa mpira kabla mguu ule haujagusa chini tena.

Kwa hiyo mchezaji anayekimbia kwa kasi anasimama ghafla. Uzito wote unaangukia goti. Goti likipinda kwa ndani, kano inaweza kukatika. Kano ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Ikikatika, kupona huchukua miezi mingi, na wengine huhitaji kupasuliwa.

Fanyeni hivi:
(a) Ruka bila mpira, utue kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa. Goti lielekee vidole vya mguu, lisiingie ndani. Tua kimya, kama paka. Rudia mara 10.
(b) Kimbia hatua tano, ruka, tua, simama.
(c) Fanya hivyo hivyo huku mwenzako akikurushia mpira.

Mtu akiumia goti likavimba, asiendelee kucheza. Apumzike, awekewe kitambaa cha maji baridi, kisha apelekwe zahanati.

2. KURUSHA

Mchezaji haruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde 3. Tena mpira hauruhusiwi kuvuka fungu zima la uwanja bila kuguswa. Kwa hiyo pasi fupi na za haraka ndizo zinazofaa.

Simameni wawili wawili, hatua tano kati yenu. Shika mpira mbele ya kifua kwa vidole, sukuma mikono yote miwili. Mwalimu wa timu ahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu! Kabla ya tatu mpira uwe umekwisha toka. Mkishazoea, mmoja akimbie. Usimrushie pale alipo, mrushie pale anapokwenda.

3. KUFUNGA

Nguzo ya netiboli haina ubao wa nyuma. Mpira ukikosa pete, umekosa. Mfungaji aanze karibu, hatua moja kutoka kwenye nguzo. Ainue mpira juu ya kichwa, akunje magoti kidogo, ausukume juu kwa vidole. Arushe mara 10, na mtu mmoja aandike kwenye daftari. Tuseme Jumanne amefunga 4, Ijumaa 5, Jumanne nyingine 7. Akifika 8, arudi nyuma hatua moja, aanze tena. Haba na haba hujaza kibaba.

RATIBA YA SAA MOJA

Kupasha mwili moto: dakika 10
Kutua: dakika 15
Kurusha: dakika 15
Kufunga: dakika 10
Kucheza: dakika 10

Jumla ni dakika 60. Mara mbili kwa wiki inatosha kwa kuanzia. Chagueni saa ambayo kazi za shamba na jikoni zinaruhusu, na akina baba nao wasaidie watoto saa hiyo. Msisahau maji ya kunywa.

Mwaka 2023 mashindano ya dunia ya netiboli yalichezwa Cape Town, Afrika ya Kusini. Uganda walishika nafasi ya 5, na Malawi nafasi ya 7. Mchezo huu basi si mgeni kwetu, na jirani zetu wameuweza.

MASWALI
1. Kwa nini goti huumia kwa urahisi katika netiboli?
2. Mchezaji anaruhusiwa kushika mpira sekunde ngapi?
3. Mfungaji amefunga 6 kati ya 10. Je, arudi nyuma au abaki hapo hapo?
4. Zungumzeni: timu ya kijiji chenu inaweza kufanya mazoezi siku gani, na saa ngapi?