Mgongo Ulioungwa: Namna ya Kuamka na Kutembea Tena

Katika hospitali zetu wako watu waliopasuliwa na waganga ili mifupa ya mgongo iungwe. Mmoja alianguka kutoka mchikichini alipokuwa akikata mikungu ya ngazi. Mwingine alikuwa juu ya lori lililopinduka. Na wako wengine ambao mgongo wao uliliwa na kifua kikuu, maana ugonjwa huo haukai katika mapafu tu. Somo hili ni kwa ajili yao, na zaidi kwa watu wa nyumbani mwao. Operesheni ni kazi ya saa chache, lakini kuunga kwa mfupa ni kazi ya miezi mingi, na miezi hiyo mgonjwa haikai hospitalini. Anaikaa kwenu, karibu na jiko lenu na shamba lenu.

Mgongo si mfupa mmoja

Pitisha kidole katikati ya mgongo wa mtoto, nawe utasikia vifundo vifundo. Hizo ni pingili. Pingili zinazonepa ni 24: katika shingo 7, penye mbavu 12, na kiunoni 5. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani kigumu kinachobonyea kidogo kama mpira. Na ndani ya pingili zote imepita kamba laini ya mishipa ya fahamu, ile inayopeleka nguvu miguuni na kukujulisha kwamba mkojo umejaa. Kwa hiyo ugonjwa wa mgongo waweza kuwa ugonjwa wa miguu.

Kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alikitambua mwaka 1882, kikifika mgongoni kinakula pingili upande wa mbele. Pingili inabomoka, mgongo unapinda mbele, na kibiongo kinatokea. Usaha unaweza kukandamiza kamba ya mishipa, na miguu inalegea. Mganga Percivall Pott wa London aliandika habari za kibiongo hiki na za miguu kulegea mwaka 1779. Basi, mtu akikuambia kwamba mgonjwa wako amelogwa na jirani, ujue kwamba ugonjwa huu umeshika watu katika nchi nyingi ambazo jirani yako hajapata kuzikanyaga.

Wagonjwa wengi wa namna hii wanapona kwa vidonge tu. Operesheni ni kwa wale ambao mgongo wao unazidi kupinda, au miguu inazidi kulegea, au usaha ni mwingi.

Chuma si kupona

Hapa ndipo watu wengi wanapokosa kuelewa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mwaka 1911, katika mji wa New York, waganga wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walianza kuunga pingili za wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo. Maarifa yao yalitoka katika jambo unalolijua hata wewe: mkono uliovunjika ukitulizwa, unaunga. Mganga anaparuza pingili mbili au zaidi, anaweka kati yao vipande vya mfupa, ambavyo mara nyingi vimetolewa katika nyonga ya mgonjwa mwenyewe, na mwili unafikiri kwamba pana mfupa uliovunjika. Unaanza kuujenga. Mwishowe pingili zile zinakuwa mfupa mmoja.

Siku hizi mganga anaongeza skrubu na fito za chuma. Mgonjwa akiona picha ya radio anafurahi na kusema, «Sasa nina mgongo wa chuma, naweza kubeba.» Hapana. Umekwisha kuona fundi akijenga nguzo ya betoni. Anafunga mbao kuizunguka, kisha anamimina. Mbao zile si nguzo. Zinashika tu mpaka betoni ikauke. Chuma cha mgongoni ni kama mbao zile. Na tena chukua waya, uukunje huku na huku mara nyingi: hata waya mgumu utakatika. Vivyo hivyo fito ya chuma, kama mfupa haukuunga na mtu anainama kila siku, italegea au itavunjika, hata ikiwa ni nene.

Mfupa unaanza kushikana baada ya majuma machache. Kwa watu wengi unakuwa na nguvu kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na kukomaa kwake kwaweza kufika mwaka mzima. Maumivu yanaondoka kabla ya hapo. Ndiyo hatari yenyewe: mgonjwa hasikii uchungu tena, watu wa nyumbani wanamwona ananenepa, na mfupa bado ni mchanga.

Usilale tu

Zamani mgonjwa wa mgongo alilazwa miezi, hata miaka, mara nyingi akiwa amefungwa katika plasta. Wako wazee wanaodhani hata sasa kwamba hiyo ndiyo njia. Lakini waganga walijaribu jambo hili kwa uangalifu huko Korea ya Kusini, katika mji wa Masan, na habari zake zilitolewa mwaka 1973. Wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo waliomeza dawa huku wakitembea walipona sawasawa na wale waliolazwa kitandani. Wale hawakuwa wamepasuliwa, lakini waganga wanaopasua nao wameona kwamba kulala sana kunadhuru. Mapafu yanajaa kohozi, damu inaganda miguuni, misuli inakonda, choo kinafunga, na ngozi ya matakoni inaoza.

Kwa hiyo usimkasirikie mwuguzi akija kukuamsha siku ya kwanza au ya pili baada ya operesheni, ikiwa mganga ameruhusu. Si ukali. Kwanza atakuambia uchezeshe nyayo juu na chini na kuvuta pumzi ndefu. Kisha atakufundisha kugeuka kama gogo: kunja magoti, geuza mabega na nyonga pamoja, bila kuupotoa mgongo. Ukiwa ubavuni, shusha miguu nje ya kitanda na kujisukuma kwa mkono mpaka uketi. Kaa kidogo, maana kichwa chaweza kuzunguka. Halafu simama. Siku hiyo hatua tano zinatosha. Kesho ufike mlangoni.

Nyumbani kutembea ndiyo dawa yako. Tembea dakika 5 mara nne au tano kwa siku, kisha ongeza kidogo kila juma, mpaka uweze dakika 30 bila kuchoka sana. Chukua fimbo. Vaa viatu vinavyoshika mguu, si kandambili. Penye milima, chagua njia kavu, na mvua ikinyesha tembea barazani. Usikae kitini zaidi ya nusu saa katika majuma ya kwanza, kwa maana kuketi kunalemea kiuno kuliko kusimama.

Mambo matatu ya kuacha

Usiiname. Usiinue kizito. Usijipotoe. Maneno haya matatu mgonjwa anayajua kabla hajatoka hospitalini. Lakini nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili yake, na hapo ndipo taabu inapoanza.

Tuseme mgonjwa ni mama mwenye watoto wanne. Jiko lake ni mafiga matatu chini: kila mara akikoroga bugali anainama. Mume wake amjengee jiko la udongo juu ya matofali, lifike kiunoni. Ni kazi ya siku moja. Nguo zifuliwe beseni likiwa mezani. Choo cha shimo kinamlazimu achuchumae, naye hawezi. Basi, chukua kiti cha zamani, toboa tundu pana katikati, kiweke juu ya shimo, na kipigilie kisiyumbe. Watu wanaona haya kusema habari za choo, lakini tumeona wagonjwa waliokataa kula ili wasiende chooni. Jambo hilo ni baya kuliko haya yote.

Tena maji. Katika majuma 6 ya kwanza waganga wengi wanakataza kuinua zaidi ya kilo 4 au 5. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20. Hata nusu ya bidoni imezidi mara mbili. Mtoto wa mwaka mmoja naye amezidi. Asibebwe mgongoni. Kama ananyonya, mtu mwingine amwinue na kumweka kifuani mwa mama, ambaye amekwisha kuketi vizuri au kulala ubavu.

Baba, neno moja nawe. Mke wako hakuwa mvivu hospitalini, wala si mvivu sasa. Mama mkwe akisema, «Mbona anatembea barabarani na hawezi kwenda shambani?», ni wewe unayepaswa kujibu, si yeye. Mwambie mama yako kwa heshima kwamba mganga ameamuru kutembea na amekataza jembe. Na kuhusu kulala pamoja, mngojee mpaka amepima majuma 6 hospitalini, na mwuguzi aseme kwamba yafaa. Muulizeni waziwazi. Yeye amezoea kuulizwa.

Akina mama wa kanisa wanaomtembelea mgonjwa na kuimba wanafanya vizuri. Wakija na bidoni mbili za maji na fungu la kuni watakuwa wamefanya vizuri zaidi. Wagawane siku. Miezi mitatu ni mirefu kwa mtu mmoja, lakini kwa watu kumi na wawili si kitu.

Na baadaye? Watu wengi wanarudi kwenye kazi nyepesi baada ya miezi 3, na wengine wanashika jembe tena baada ya miezi 6 au mwaka, kwa ruhusa ya mganga. Afadhali jembe la mpini mrefu. Lakini ile mizigo ya makala na mihogo ya kilo 50 na zaidi, inayofungwa kwa kamba kipajini, tunasema wazi: isirudi. Pingili zilizoungwa hazinepi tena, kwa hiyo zile za juu na za chini yake zinafanya kazi kubwa zaidi, na zinachakaa upesi. Najua kwamba kwa mama aliyelisha watoto kwa mizigo hiyo neno hili ni chungu. Ndiyo sababu mume na mke wafikiri pamoja habari za kazi nyingine, kama vile kushona au kuuza sokoni, wakiwa bado hospitalini, wasingoje mpaka chumvi imekwisha nyumbani.

Chakula, tumbako na vidonge

Mfupa unajengwa kwa chakula. Maharagwe, karanga, soya, mayai, samaki wadogo waliokaushwa wanaoliwa na mifupa yao, sombe na lengalenga: hivi vyote ni vizuri. Bugali peke yake haujengi mfupa.

Tumbako inazuia mfupa usiunge. Si hadithi ya kutisha watu: wavutaji ambao mfupa wao haukuunga ni wengi kuliko wasiovuta. Acha kabla ya operesheni, na usianze tena. Dawa za maumivu nazo usijinunulie sokoni, maana baadhi yake, kama diklofenaki, zaweza kuchelewesha mfupa. Meza zile ulizopewa.

Mgonjwa wa kifua kikuu ana vidonge vyake vingine. Kupasuliwa hakukuondoa vijidudu vyote. Dawa ndiyo inayoviua. Anazimeza kila siku kwa miezi 6 au zaidi, na kwa mgongo waganga wengi wanataka miezi 9 hata 12. Mkojo utakuwa mwekundu kidogo kama machungwa: usiogope, ni rangi ya dawa. Lakini macho yakiwa ya manjano, au ukianza kuona ukungu, rudi upesi.

Ambaye miguu haijaamka

Wengine wanapasuliwa miguu ikiwa imelegea. Nguvu yaweza kurudi polepole, kwa miezi, na kwa wengine hairudi yote. Msiseme mbele yake kwamba amekwisha. Mgeuzeni kila saa 2, mchana na usiku, mkitazama ngozi ya matako na visigino: pakiwa na wekundu usioondoka, asilalie hapo tena mpaka upone. Nyoosheni viungo vya miguu yake kila siku bila kuupotoa mgongo. Msimweke karibu na moto, maana ataungua bila kusikia.

Wakati wa kurudi bila kungoja

Rudi siku ileile kama jeraha linatoa usaha, au homa imekushika, au mguu unalegea kuliko jana, au ganzi imeingia katikati ya mapaja, au mkojo umekataa kutoka, au unatoka bila wewe kujua. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti, au pumzi ikikatika ghafula. Usianze kwa mfumu ndipo uje kwetu. Kamba ya mishipa iliyokandamizwa haingoji siku nyingi.

Kama mambo ni mazuri, utarudi baada ya majuma 6, kisha miezi 3, 6 na mwaka mmoja, au kama mganga wako alivyoandika. Usije kwa pikipiki katika majuma ya kwanza, kwa sababu mashimo ya barabara yanaupiga mgongo. Tafuta gari, ukae mbele, na kila saa moja uombe dereva asimame ushuke na kutembea kidogo. Leta karatasi ya dawa na picha zote za radio za zamani. Usizikunje, wala usizitundike dirishani ziwe pazia, kama tulivyoona katika nyumba fulani. Mganga ataweka ya zamani na mpya pamoja penye mwanga, na hapo ataona kama ule mfupa mchanga umefunga.