Kumpima Mtoto Kabla ya Kupasuliwa

Mizani mnaijua. Lakini mimi siiamini peke yake mtoto anapongoja kupasuliwa. Katika unyafuzi, ugonjwa aliouchunguza Dakta Hugh Trowell hapa Mulago, akautungia kitabu na wenzake mwaka 1954, mwili hujaa maji, na mizani huyahesabu kuwa nyama! Basi mbonyeze juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba. Shimo likibaki, ni uvimbe. Kisha zungusha utepe katikati ya bega na kiwiko: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kidonda chake hukawia kufunga, na huingia usaha upesi. Ngiri isiyobana yaweza kungoja, alishwe kwanza. Utumbo uliojisokota haungoji. Huyo hupasuliwa siku hiyo hiyo.