Koki kwenye bomba la plastiki: pima kimo kabla ya kukata

Kiangazi hiki wengi wenu hapa Lundo mnamwagilia nyanya na matikiti kwa bomba jeusi la plastiki, lile la rola. Swali ninaloulizwa sana ni hili: naweka vipi koki, ili nikizima kitalu kimoja kingine kiendelee kupata maji?

Kuweka yenyewe si kazi ngumu. Kinachopasua mabomba ni kimo. Maji ya kijito cha mlimani yakiwa yanatiririka, bomba halibebi nguvu yake yote. Funga koki ya chini uone: maji yote yaliyosimama hadi kwenye chanzo yanalielemea. Kila mita 10 za kimo ni kama bar 1. Nasema kimo, siyo urefu wa bomba. Bomba lizunguke hata mita 800, chanzo kikiwa mita 70 juu ya shamba ni bar 7.

Sasa soma maandishi ubavuni. PN 6 inavumilia bar 6, PN 10 bar 10. Mwenye PN 6 na kimo cha mita 70 asiweke koki chini. Aiweke juu karibu na chanzo, au ajenge tenki dogo la wazi katikati ya mteremko, lenye njia ya kumwaga maji yanayozidi. Na namba hizo ni za bomba lililo baridi. Likilala juani linalegea, kwa hiyo lifukie.

Kwa bomba la mm 32, nunua bol valvu ya inchi 1 na konekta mbili za kukaza, mm 32 upande mmoja na tredi ya nje ya inchi 1 upande wa pili. Zungushia tredi tepu kuelekea upande wa kukazia, kisha funga konekta zote kwenye koki ukiwa umekaa chini, kabla hujagusa bomba. Tepu usiiweke kwenye nati inayobana bomba. Pale maji yanazuiwa na pete ya mpira.

Funga chanzo, bomba liishe maji. Kata asubuhi likiwa limepoa, kata wima kabisa, kisha chonga ukingo kidogo usije ukachana mpira. Pima kina cha konekta, weka alama kwenye bomba, paka maji ya sabuni (siyo oili), legeza nati, sukuma mpaka alama ifike. Wengi wanaishia kwenye mpira wakidhani wamefika mwisho, na usiku bomba linachomoka. Joto likishuka nyuzi 20, mita 100 za bomba hili hunywea sentimita 30 hadi 40. Liache na mikunjo kidogo, usilivute likanyooka kama kamba ya nguo.

Kujaribu, fungua polepole huku mwisho wa bomba uko wazi ili hewa itoke.

Mkono wa bol valvu ukilala sambamba na bomba, iko wazi, ukikingama, imefungwa. Usiufunge kwa pigo moja, maji yanayokimbia yatagonga kama nyundo. Kwenye bomba kuu mimi napendelea geti valvu, maana hata mwenye haraka hawezi kuifunga ghafla.

Mnaovuta maji ziwani kwa pampu: fungueni kitalu cha pili kwanza, ndipo mfunge cha kwanza.