Karatasi ya Kwanza Iko Kijijini
Somo la vikundi: kuasili mtoto, na kwa nini watu hungoja



Kikundi kimoja cha kina mama kilituletea swali ambalo nimeona afadhali tulijibu sote pamoja. Mwenzao mmoja, bibi wa miaka sitini na kitu, analea wajukuu watatu ambao mama yao aliaga dunia. Akaja mgeni, mtu mwenye maneno matamu, akamwambia yuko tayari kumtafutia mmoja wa hao watoto familia huko ng'ambo. Atasomeshwa, atakula vizuri, na akiwa mkubwa atarudi kuwasaidia nduguze. Kilichobaki ni bibi kuweka kidole gumba kwenye karatasi. Kikundi kikauliza: "Aweke ama asiweke?"

Asiweke. Afisa wa watoto hajaambiwa lolote, na karatasi yenyewe imeandikwa kwa lugha ambayo bibi haisomi. Hayo mawili yanatosha. Lakini tukiishia hapo hatutakuwa tumejifunza, kwa maana kesho atakuja mgeni mwingine na karatasi nzuri zaidi.

Kuasili si kulea

Kulea sisi tunakujua. Mtoto wa dada yako anakuja kwako kusoma, anakaa miaka kumi, watu wanamwita wako, na siku ya arusi yake wale waliomzaa wanaketi mbele. Hakuna aliyepoteza mtoto. Kuasili ni jambo lingine kabisa. Mahakama ikishatoa amri ya kuasili, mtoto ni wa wazazi wapya kana kwamba wao ndio waliomzaa. Jina, urithi, ataishi wapi, atasoma wapi, yote yanahamia kwao. Aliyebaki nyumbani hana haki tena ya kumdai. Mtoto akija siku moja kuwasalimu, atakuwa amekuja kwa hiari.

Kwa hivyo yule mgeni akisema "atarudi", anazungumza juu ya kulea, na karatasi yake inazungumza juu ya kuasili.

Majirani zetu wa Uganda waliyaona haya. Tarehe 17 Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mwenzake. Ilieleza kwamba watu walitumwa vijijini kuwaambia wazazi kuwa watoto wanapelekwa Kampala kusoma. Kumbe watoto waliwekwa katika kituo kisicho na leseni, na Wamarekani wakawa wanakuja kuwaasili kutoka hapo. Majaji, ilisema serikali hiyo, walihongwa ili kesi zipite. Tena kabla ya hapo, sheria ya Uganda ilimtaka mgeni amlee mtoto nchini miaka mitatu ndipo amwasili. Wengi walikwepa kwa kuomba ulezi wa kisheria, wakaondoka na mtoto, kisha wakamwasili kwao. Mwaka 2016 Bunge la Uganda liliifunga hiyo njia ya mkato: ulezi wa namna hiyo ukabaki kwa raia wa Uganda tu, na muda wa kumlea mtoto ukawa mwaka mmoja.

Fikirini juu ya wale wazazi. Amri za mahakama zilikuwepo, mihuri pia. Kilichokosekana ni mtu wa kuketi na mama nyumbani kwake na kumweleza kwa lugha yake kwamba akitia sahihi, mtoto huyu si wake tena.

Kungoja kwenye sababu

Kuna Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 juu ya kuasili watoto kutoka nchi moja hadi nyingine. Kenya ilijiunga nao mwaka 2007. Mkataba huo unasema kwanza atafutiwe mtoto nafasi katika nchi yake, na ng'ambo iwe baadaye. Unasema wanaotoa kibali waelezwe vizuri maana yake, watoe kwa hiari na kwa maandishi, bila kununuliwa. Kibali cha mama ni lazima kitolewe baada ya mtoto kuzaliwa, si kabla. Na wanaotaka kuasili hawaruhusiwi kuonana na wazazi wa mtoto mpaka hayo yakamilike, isipokuwa kama ni jamaa, ama kama wakuu wa serikali wameweka masharti ya kuonana. Basi mgeni anayekuja moja kwa moja mpaka jikoni kwa bibi ameanza safari kwa mwisho wake.

Sheria yetu ya Watoto nayo ina nyakati zake. Mipango ya kuasili haianzi kabla mtoto hajafikisha wiki sita. Kina mama mnaelewa bila kuambiwa. Aliyejifungua juzi, labda mwanamume amemkimbia na kwao wamemfungia mlango, anaweza kutia sahihi kitu chochote leo, na wiki ya tano akalia usiku kucha akimtaka mtoto wake. Halafu anayetaka kuasili hukaa na mtoto hapa Kenya miezi mitatu mfululizo kabla ya kupeleka ombi mahakamani, ili ionekane kama wamepatana.

Kungoja tunakokuleta wenyewe

Hapa nina la kuungama. Mama mmoja wa parokia yetu alimkuta mtoto mchanga kwenye stoo ya kiwanda cha kahawa, amefungwa kwa leso. Akamchukua, akamlisha kwa chupa, akamtangaza kanisani Jumapili mbili. Polisi hakwenda, kwa sababu aliogopa kuulizwa alimtoa wapi. Mimi nilisikia habari hizo mtoto akiwa na miezi miwili, nikasema moyoni, afadhali yuko kwa mtu mwema. Diploma yangu ilikuwa ukutani wakati huo, lakini ndivyo nilivyosema.

Mtoto alipofika miezi saba mama huyo akaugua, akashindwa. Ndipo tukaenda kituo cha polisi. Askari akafungua kitabu cha matukio na kuandika, na siku hiyo ikawa siku ya kwanza. Ile miezi saba ya maziwa na kukesha haikuhesabiwa hata dakika moja. Mtoto aliyeokotwa hutafutiwa jamaa kwanza, na barua ya mwisho ya polisi, inayosema hakuna aliyejitokeza kumdai, hutoka baada ya miezi sita. Bila barua hiyo hapatolewi cheti kwamba mtoto yuko huru kuasiliwa. Walikuwepo mume na mke, Wakenya, waliokuwa tayari kumchukua tangu mapema. Walingoja, na mtoto akangoja kituoni, akajifunza kutembea huko bila wao kumwona.

Tangu hapo nikisikia mtoto ameokotwa naacha hata chai mezani. Ni polisi siku hiyo hiyo, namba ya OB iandikwe mahali pasipopotea, halafu ofisi ya watoto ya kaunti ndogo.

Upande wa ng'ambo

Wanaoomba nao wana mzigo wao: ripoti ya mfanyakazi wa jamii aliyewatembelea nyumbani, cheti cha ndoa, cheti cha tabia njema kutoka polisi, barua ya daktari, hati za mapato. Baadhi huzeeka. Cheti cha polisi ama cha daktari kikipitwa na muda wakati upande wa mtoto bado unatafuta karatasi moja, huanza upya. Hata amri ikitoka, mtoto lazima aingizwe kwenye daftari la watoto walioasiliwa, apate cheti, pasipoti na viza.

Na nchi yaweza kufunga mlango kabisa. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri la Kenya lilisimamisha wageni kuasili watoto wetu, na Septemba 2019 likakaza tena uamuzi huo. Sheria mpya ya Watoto ilianza kutumika Julai 2022. Anayewaambia kwamba yeye amepewa ruhusa, mwulizeni ni ofisi gani iliyompa, kisha nendeni mkaulize hiyo ofisi, bila yeye. Na kumbukeni kutoa ama kupokea pesa ili mtoto aasiliwe ni kosa kwa sheria, hata kama zimeitwa "za sabuni".

Kazi ya kikundi

Kazi kubwa tunayoweza kufanya haihitaji pesa nyingi. Mtoto aliyezaliwa nyumbani aandikishwe kwa naibu wa chifu kabla ya miezi sita, maana baada ya hapo ni kuchelewa na karatasi za kutafutwa huongezeka. Mzazi akifa, kibali cha mazishi kisitupwe baada ya matanga. Fuatilieni cheti cha kifo wakati mashahidi bado wapo. Kadi ya kliniki nayo ihifadhiwe. Karatasi hizi si za kuasili tu. Ndizo zitamsaidia yatima kudai shamba la baba yake.

Yule bibi alikwenda kwa afisa wa watoto, akisindikizwa na wawili wa kikundi. Mgeni alipoambiwa nao kwamba karatasi yake itasomwa kwanza na afisa, alisema atarudi Jumatano. Jumatano imepita mara nyingi. Watoto wote watatu wako nyumbani, na kikundi kinachanga sare za shule kutoka kwa mzunguko wao.

Ya kujadiliana mkutano ujao:

1. Katika kijiji chetu ni yatima wangapi wasio na cheti cha kuzaliwa? Andikeni majina, na nani atakwenda na kila mmoja.
2. Mtoto akiokotwa usiku wa leo, nani atakwenda polisi, na nauli itatoka wapi? Simu ya bure ya watoto ni 116. Je, kila mwanakikundi anayo?
3. Mjomba wa mtoto anasema ng'ambo ni bora, bibi anasema hapana, na mtoto ana miaka kumi na mmoja. Nani aulizwe kwanza?