Kielelezo cha Reli Darasani: Kipimo Kimoja kwa Vitu Vyote

Katika vijiji vya Unyamwezi, kama ilivyo mahali pengine nchini, watoto hutengeneza magari kwa mabua, waya na makopo. Wengine hutengeneza treni. Lakini hata treni iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa mara nyingi huonekana kuwa mwanasesere tu. Magurudumu yake ni makubwa mno, reli zake zimeachana kupita kiasi, na mti uliosimama kando yake ni mfupi kuliko behewa. Jicho la mtazamaji hutambua mara moja kwamba jambo fulani halikukaa sawa, hata kama mwenyewe hawezi kueleza ni lipi.

Makala haya yanaeleza namna wanafunzi wa shule ya sekondari wanavyoweza kutengeneza kielelezo cha sehemu ya Reli ya Kati kinachofanana na hali halisi. Kazi hiyo inafaa hasa katika mahali kama Sikonge, ulioko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Tabora, ambako njia ya reli haipiti. Mwanafunzi ambaye hajaiona treni kwa macho atajifunza treni kutokana na kielelezo. Kikisema uongo, atajifunza uongo.

Reli inayoigwa

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Kwa sehemu kubwa reli hiyo ilifuata mwelekeo wa njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Misitu ya kusini mwa Tabora nayo iliijua misafara. Mwaka 1871, vita vya Mtemi Mirambo vilipoifunga njia ya kawaida ya kwenda Ujiji, msafara wa Stanley ulilazimika kuzunguka kwa upande wa kusini.

Upana wa reli hiyo, yaani nafasi iliyopo baina ya reli mbili, ni mita 1. Hapa ndipo penye bahati njema kwa mwalimu. Ikichaguliwa skeli ya 1:100, sentimita 1 ya kielelezo huwakilisha mita 1 ya kweli, na upana wa reli huwa sentimita 1 kamili. Hesabu zote zinazofuata huwa nyepesi.

Reli za vielelezo zinazouzwa Ulaya kwa wingi zina upana wa milimita 16.5. Zimekusudiwa reli yenye upana wa milimita 1435, katika skeli ya 1:87. Mtu akizitumia katika kielelezo cha 1:100 cha stesheni ya Tabora, atakuwa ameonyesha reli yenye upana wa mita 1.65, wala hakuna reli ya namna hiyo iliyopata kujengwa Tabora.

Vipimo vya msingi

Kanuni ya kwanza ni kwamba skeli moja itawale kila kitu: reli, treni, nyumba, miti na watu. Ubao mmoja wa plaiwudi wenye sentimita 244 kwa 122 huwakilisha eneo la mita 244 kwa 122. Mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.7 huwa milimita 17. Behewa la mizigo lenye urefu wa mita 13 huwa sentimita 13. Mwembe mkubwa wenye kimo cha mita 15 huwa sentimita 15, yaani unalizidi behewa kwa urefu. Wanafunzi wengi hushangaa wanapoliona jambo hili, kwani walizoea kuchora treni kubwa na miti midogo.

Reli yenyewe ina kimo cha sentimita 11 hivi. Kwa hiyo waya wa shaba wenye unene wa milimita 1, uliotolewa katika kebo kuukuu ya umeme na kunyoshwa vizuri, unafaa kuwa reli. Mataruma yakatwe katika karatasi ya manila: kila moja liwe na urefu wa milimita 20 na upana wa milimita 2, na lipandwe milimita 7 kutoka kwa jirani yake. Njia inayokatiza ubao mzima itahitaji mataruma yapatayo 350. Kazi hii huchosha, lakini mataruma yaliyopangwa ovyo ndiyo huharibu kielelezo kuliko kosa jingine lolote.

Kokoto za reli zina ukubwa wa sentimita 5 hivi. Katika kielelezo zitakuwa nusu milimita. Mchanga wa mtoni haufai kabla ya kuchekechwa, kwani punje ya milimita 2 ni sawa na jiwe la sentimita 20, ambalo hakuna fundi angeliweka chini ya taruma. Mchanga uchekechwe kwa kitambaa chepesi, kisha ugandishwe kwa uji mwepesi wa unga wa muhogo.

Mipaka ya jicho

Je, ni lazima kila msumari uonekane? Jibu linapatikana katika elimu ya nuru. Jicho zima huweza kutenganisha vitu viwili ikiwa nafasi iliyo kati yake si ndogo kuliko sehemu moja ya 3,000 hivi ya umbali wake kutoka jichoni. Mtazamaji aliyesimama mita 1 kutoka kwenye kielelezo cha 1:100 ni kama mtu aliyesimama mita 100 kutoka kwenye treni ya kweli. Kwa umbali huo hawezi kutambua kitu kilicho chini ya sentimita 3. Hivyo, jambo lolote lililo dogo kuliko milimita 0.3 katika kielelezo laweza kuachwa bila hasara. Ni afadhali nguvu itumike katika umbo la paa la stesheni kuliko katika kuhesabu misumari.

Mwinuko na mpindo

Kosa kubwa katika vielelezo vya shule ni kupandisha treni mlimani kama mbuzi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi. Kichwa cha treni hakiwezi kuvuta kwa nguvu inayozidi robo hivi ya uzito uliolala juu ya magurudumu yake yanayoendesha.

Tuchukue kichwa cha tani 80 ambacho magurudumu yake yote yanaendesha. Nguvu yake ya mwisho ni sawa na uzito wa tani 20. Katika mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100, nguvu hiyo yaweza kuzuia treni yenye jumla ya tani 1,000, maana 20 ikigawanywa kwa 0.02 ni 1,000. Katika mwinuko wa mita 10 kwa mita 100, jumla hushuka hadi tani 200. Kikitolewa kichwa chenyewe hubaki tani 120, yaani mabehewa mawili tu yaliyojaa. Katika hali halisi kiasi hicho hupungua zaidi kwa sababu ya msuguano.

Hii ndiyo sababu wajenzi wa reli hukata vilima na kujaza mabonde kwa matuta. Kwa hiyo, katika ubao wa sentimita 244, njia isipande zaidi ya sentimita 5 kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Nchi ya Tabora yenyewe ni uwanda mpana ulioinuka mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwinuko mdogo wa kielelezo utafanana nayo zaidi.

Mipindo pia haina budi kuwa mipana. Mpindo wenye nusu kipenyo cha mita 200 unahitaji mita 2 katika kielelezo, ambazo ni kubwa kuliko upana wa ubao. Ni vema basi kuonyesha njia iliyonyoka au kipande tu cha mpindo. Vivyo hivyo, treni ya mabehewa 20 ingekuwa na urefu wa karibu mita 3. Wanafunzi wakionyesha mabehewa matano tu, waandike kando ya kielelezo kwamba treni imefupishwa. Ufupisho uliotangazwa si uongo.

Kila kitu mahali pake na wakati wake

Katika Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi zimehifadhiwa injini za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, zenye urefu wa karibu mita 32. Ni mashine za kuvutia sana, na mwanafunzi atatamani kuiweka moja katika stesheni ya Tabora. Asifanye hivyo. Injini hizo zilitumika katika njia ya Mombasa na Nairobi. Katika Reli ya Kati zilifanya kazi Garratt ndogo zaidi za daraja la 60, zilizotengenezwa katika miaka ya 1950.

Vilevile, msafara wa wapagazi na injini ya dizeli havikai katika mandhari moja. Reli mpya ya kisasa, ambayo treni zake za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina upana wa milimita 1435 na nyaya juu yake. Darasa lichague mwaka mmoja na kuufuata.

Rangi, udongo na majani

Kitu kipya kinachong'aa hakionekani kuwa cha kweli. Rangi ya mafuta huakisi mwanga kama kioo, lakini behewa lililosafiri miaka mingi limefunikwa na vumbi na kutu. Vumbi la chaki likichanganywa na rangi huondoa mng'ao. Masizi hufaa kwa paa la injini, na udongo mwekundu uliosagwa hufaa kwa kutu ya reli na ya mataruma ya chuma.

Udongo uchukuliwe mahali hasa panapoigwa, usagwe na uchekechwe. Miti ya miombo ina matawi yanayofunguka kuelekea juu na vilele vilivyotandaa, nayo si duara kama chungwa. Mizizi midogo iliyokaushwa hutoa matawi mazuri. Rangi za majani zitegemee majira: kabla ya mvua kuanza, katika Septemba na Oktoba, miombo huchipua majani mekundu na ya hudhurungi, wakati nyasi bado ni kavu na sehemu nyingine zimeungua. Kijani kilekile kila mahali ni dalili ya mtu ambaye hakutoka nje kutazama.

Mwisho, ubao uinuliwe hadi usawa wa kifua. Ukiwekwa sakafuni, mtazamaji huona nchi kama abiria wa ndege, lakini akitazama karibu na usawa wa reli huiona kama msafiri aliyesimama stesheni.

Mwendo na uzito

Treni yenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa husafiri mita 11 hivi kwa sekunde. Katika kielelezo huo ni mwendo wa sentimita 11 kwa sekunde, na treni itachukua sekunde 22 kuvuka ubao. Uzi ukizungushwa juu ya kigogo chenye kipenyo cha sentimita 3.5, mzunguko mmoja kwa kila sekunde hutoa mwendo huo barabara.

Uzito hufuata kanuni nyingine. Urefu ukigawanywa kwa 100, ujazo hugawanywa kwa 100 mara tatu, yaani kwa 1,000,000. Hivyo kila tani huwa gramu moja. Behewa la tani 15 linalobeba mzigo wa tani 40 huwa na gramu 55. Vijiwe vichache ndani ya behewa la manila vitalifikisha kwenye uzito huo na kulizuia lisirukeruke njiani.

Jambo ambalo kielelezo hufundisha

Hesabu hizi si za mapambo. Mpagazi wa msafara alibeba mzigo wa kilo 32 hivi. Mzigo wa behewa moja la tani 40 ungehitaji wapagazi 1,250. Wakitembea mmoja nyuma ya mwenzake kwa nafasi ya mita 3, msafara wao ungekuwa na urefu wa karibu kilomita 3 na robo tatu. Katika skeli ya 1:100 ni mita 37 na nusu, sawa na madarasa manne yaliyopangwa katika mstari mmoja.

Wanafunzi wa Sikonge wakiweka behewa lao la sentimita 13 mezani, kisha wakapiga hatua hizo 37 uwanjani, watafahamu kwa miguu yao kwa nini kazi ya upagazi, iliyowapa Wanyamwezi sifa katika Afrika Mashariki nzima, ilitoweka baada ya reli kufika. Ufahamu huo hupatikana tu ikiwa behewa na mtu vimepimwa kwa kipimo kimoja.

Maswali ya mazoezi

1. Upana wa reli ya milimita 1435 utakuwa kiasi gani katika skeli ya 1:100?
2. Daraja la reli lina urefu wa mita 30. Je, litachukua sehemu gani ya urefu wa ubao wa sentimita 244?
3. Kichwa cha tani 80 kinapanda mwinuko wa mita 4 kwa mita 100. Bila kuhesabu msuguano, kinaweza kuvuta mabehewa mangapi yenye tani 55 kila moja?
4. Pimeni mwinuko wa njia iliyo karibu na shule kwa kamba na pima maji. Je, treni ingeweza kuipanda?

Majibu: (1) Milimita 14.35. (2) Sentimita 30, karibu sehemu moja ya nane. (3) Jumla ni tani 500. Ikitolewa tani 80 hubaki 420, yaani mabehewa 7. (4) Hutegemea mahali. Linganisheni jibu lenu na mwinuko wa mita 2 kwa mita 100.